Mkanda Unapobeba Moto

Alfajiri ya tarehe 26 Septemba 1950, katika mgodi wa makaa ya mawe wa Creswell, Derbyshire, Uingereza, mkanda wa mpira uliokuwa ukisafirisha makaa ulichanika. Kipande kilichochanika kilijikunja na kukwama pale mkanda mmoja unapomwagia mzigo wake kwenye mwingine. Mkanda haukusimama. Uliendelea kupita juu ya kile kipande, mpira ukisugua mpira, hadi joto la msuguano likawasha moto. Mahali penyewe palikuwa kwenye njia ya kuingizia hewa safi, kwa hiyo moshi haukwenda nje. Ulifuata hewa, ukawaendea wachimbaji waliokuwa mbele. Watu 80 walikufa kwa kaboni monoksidi. Sehemu ile ya mgodi ilibidi izibwe ili moto ukose hewa, na baadhi ya maiti hazikutolewa hadi mwaka 1951.

Baada ya Creswell Waingereza waliachana na mikanda ya mpira wa kawaida katika migodi yao ya makaa, wakaingia kwenye mikanda ya PVC isiyoshika moto upesi. Ulikuwa uamuzi mzuri, na hapana shaka umeokoa maisha ya wengi. Lakini kuna jambo ambalo kubadilisha mpira peke yake hakukulimaliza. Wengi wetu tukisikia kiwanda kimeungua tunamtafuta mvuta sigara, fundi wa kuchomelea, au waya uliochubuka. Kwenye konveya mwashaji mara nyingi ni mashine yenyewe. Rola ambayo beringi yake imekufa huchemka. Mkanda ulioenda upande husugua fremu. Puli inayoendelea kuzunguka chini ya mkanda uliokwama inaweza kuutia moto hata kama hakuna mtu aliyekaribia pale siku nzima. Mwendo ndio unaozaa moto, na ukishauzaa, mwendo huohuo unaubeba.

Sasa mtazame mhandisi anayeombwa kuweka springla juu ya konveya ya kiwanda. Anapewa mchoro wa jengo: urefu, upana, kimo cha paa. Anapanga vichwa vya springla darini kwa umbali unaotakiwa na kanuni, anakokotoa wingi wa maji na nguvu ya pampu, anatia saini. Kwenye karatasi kazi haina dosari. Tatizo ni kwamba karatasi imeuonyesha mkanda ukiwa umetulia, na mhandisi ameulinda kama kitu kilichotulia. Msimamo wangu ni kwamba kinga ya konveya ichorwe kwa kufuata safari ya mkanda, kutoka unapopokea mzigo hadi unapoumwaga, na jengo lije baadaye. Asiyefanya hivyo ataweka maji mengi mahali ambapo moto umekwisha kuondoka.

Hesabu yake si ngumu. Kichwa cha springla cha kawaida kina kichupa cha kioo chenye kimiminika ndani. Joto likifika kiwango chake, ambacho kwa aina iliyozoeleka ni nyuzi 68 za Selsiasi, kichupa hupasuka na maji hutoka. Hupasuka kile tu kilichopata joto. Ile picha ya filamu ambamo springla zote za jengo humwaga maji kwa mpigo si kweli. Ni kifaa rahisi na cha kutegemewa sana. Lakini tuseme mkanda unakwenda mita 3 kwa sekunde, na kaa linalofuka limeangukia juu yake. Ikiwa kichupa kinahitaji dakika moja kupata joto la kutosha, kaa hilo litakuwa limeshakwenda mita 180. Kwa kweli hata dakika hiyo halitaipata, kwa sababu kitu kinachopita chini ya kichupa kwa sehemu ndogo ya sekunde hakiwezi kukipasua. Springla itakayofunguka ni ile iliyo mahali ambapo moto umepata nafasi ya kutulia na kukua: kwenye mdomo wa kumwagia, ndani ya silo, ghalani kwenye shehena. Hapo tayari tunazungumzia moto wa aina nyingine kabisa.

Kwa hiyo amri ya kwanza katika kinga ya konveya ni kusimama. Vihisi vya mwanga wa infraredi vinavyotazama mkanda ukipita vinaweza kuona kaa la moto pale ambapo kihisi cha joto kilichoko darini hakioni kitu. Waya wa kuhisi joto unaotandazwa kando ya rola huijua rola inayochemka. Vifaa hivi vikinena, mkanda usimame bila kusubiri mtu aamue. Usimame pia ule unaouletea mzigo, la sivyo utaendelea kumwaga na kufukia mahali palepale panapoungua, na maji hayatapenya lile rundo. Usimame na ule unaopokea, ili kaa moja lisifike silo. Na kama konveya inapanda mlima, breki yake iwe na uwezo wa kuushika mkanda wenye mzigo; mkanda unaorudi nyuma wenyewe umekwisha kuwa ajali ya pili.

Hapa pana mtego ambao nimeuona ukisahauliwa na watu makini. Mkanda unapotembea, rola iliyochemka hugusa kila mara sehemu mpya, na joto linagawanyika. Ukisimama, sehemu moja ya mkanda hubaki imelalia chuma cha moto. Moto unaweza kuzuka baada ya mashine kuzimwa, wakati zamu moja imetoka na nyingine haijaingia, na watu wote wanaamini hatari imeisha kwa sababu kelele imeisha. Basi vihisi visichukue umeme kutoka kwenye swichi ileile ya konveya. Vibaki macho kwa saa kadhaa baada ya mkanda kulala, na maji yabaki tayari vilevile. Ukiuliza swali hili kwenye kikao cha usanifu, kwamba je, mkanda ukizimwa vihisi navyo vinazimika, mara nyingi utakuta hakuna aliyelifikiria. Huwa si uzembe. Mtu wa umeme alidhani ni kazi ya mtu wa moto, na mtu wa moto akadhani ni kazi ya mtu wa umeme.

Kisa kinachofundisha zaidi ya vyote ninavyovijua kilitokea West Virginia, Marekani, tarehe 19 Januari 2006, katika mgodi wa Alma nambari 1 wa kampuni ya Aracoma Coal, iliyokuwa chini ya Massey Energy. Ni vema kukifuata hatua kwa hatua, kwa sababu kila hatua ni mahali ambapo mtu mmoja angeweza kuukata mnyororo.

Mgodi ule ulikuwa na konveya ndefu iliyotoa makaa kutoka kwenye mashine kubwa ya kuchimba. Mashine ya aina hiyo hurudi nyuma kadiri inavyochimba, na konveya hufupishwa pamoja nayo. Mkanda unaozidi haukatwi kila siku. Huingizwa kwenye fremu maalumu ambamo unapitishwa huku na huku juu ya puli, mikunjo kwa mikunjo, ukingoja. Fikiri maana yake kwa moto: ndani ya eneo dogo kuna mkanda mwingi uliobanana, unatembea kwa kasi, kuna grisi, kuna vumbi la makaa, na kuna nafasi nyingi za mkanda kwenda upande na kusugua chuma. Ikiwa kuna sehemu moja ya konveya inayostahili maji yake yenyewe, ni hii.

Jioni ile mkanda ulienda upande ndani ya fremu hiyo, ukasugua, ukashika moto. Mfumo wa kuzima moto wa kujiendesha uliotakiwa kuwapo pale haukuwapo. Wafanyakazi waliofika kwanza walijaribu mitungi ya kuzimia moto, moto ukawashinda. Wakakimbilia mpira wa maji. Kiungo cha mpira hakikulingana na kiungo cha bomba. Hesi zake zilikuwa za aina nyingine. Walipofungulia bomba, maji hayakutoka, kwa sababu vali iliyokuwa nyuma yake kwenye njia kuu ilikuwa imefungwa. Bomba lilikuwapo, mpira ulikuwapo, wanaume waliokuwa tayari kuhatarisha maisha yao walikuwapo. Maji hayakuwapo.

Vihisi vya kaboni monoksidi vilikuwa vimetoa ishara kwenye chumba cha kuongozea shughuli kilicho juu ya ardhi, lakini amri ya kuwaondoa watu ilichelewa. Kundi la wachimbaji 12 lililokuwa ndani zaidi liliondoka likiamini kwamba njia yao ya kutorokea ina hewa safi. Haikuwa nayo. Ukuta uliotakiwa kutenganisha njia ya mkanda na njia ya hewa safi ulikuwa umeondolewa, na moshi ulipita pale na kuwakuta. Wakavaa vifaa vya kupumulia, wakashikana ili wasipoteane, wakapapasa gizani kutafuta mlango. Kumi walitoka. Wawili walipotea katika moshi, na miili yao ilipatikana tarehe 21 Januari.

Majuma machache kabla ya hapo, mwezi Desemba 2005, moto mwingine ulikuwa umezuka katika mgodi huohuo, ukazimwa, na kazi ikaendelea. Moto mdogo uliozimwa ni ukaguzi wa bure. Ulikuwa nafasi ya kuuliza maji yalifika kwa muda gani, mpira uliunganishwaje, nani alisikia kengele na nani hakuisikia. Mwaka huo wa 2005, mwezi Oktoba, mtendaji mkuu wa Massey alikuwa amewaandikia wasimamizi wa migodi waraka akiwaagiza wauweke uchimbaji wa makaa mbele ya kazi nyingine, zikiwamo za ujenzi ndani ya mgodi. Baada ya siku chache aliandika tena kueleza kwamba usalama ndio wa kwanza. Mimi naamini waraka wa kwanza huwa ndio unaobaki vichwani mwa watu. Mwezi Desemba 2008 Aracoma Coal ilikubali kukiri makosa ya jinai na kulipa faini ya dola milioni 2.5, pamoja na dola milioni 1.7 za adhabu ya kiraia. Mwaka 2006 ulikuwa mbaya kwa wachimbaji wa Marekani, kwa ajali za migodi ya Sago mwezi Januari na Darby mwezi Mei, na Bunge lao likapitisha sheria mpya ya usalama wa migodi kabla mwaka haujaingia nusu yake ya pili.

Watu husema ajali ya Aracoma ilikuwa ya uzembe, na uzembe haufundishi uhandisi. Sikubaliani nao. Kanuni za migodi za Marekani zilikuwa zimekwisha kuandika, miaka mingi kabla, jinsi maji yanavyotakiwa kuwekwa kwenye kichwa cha kuendeshea konveya. Zinataka pua za kunyunyizia zimwage si chini ya galoni 0.25 kwa dakika kwa kila futi ya mraba ya mkanda wa juu, yaani takriban lita 10 kwa dakika kwa kila mita ya mraba, na maji yatoshe kwa dakika 10. Zinataka kulindwa kwa futi 50 za mkanda usioshika moto upesi, au futi 150 kama mkanda ni wa kawaida. Ni kama mita 15 na mita 46. Na zinataka maji yafike kwenye nyuso tatu: juu ya mkanda wa juu, chini ya mkanda wa juu, na juu ya mkanda wa chini unaorudi.

Hizo nyuso tatu ndizo ninazotaka msomaji azishike. Mkanda wa juu ni paa. Springla ya darini ikifunguka, maji yanagonga mkanda wa juu na kutiririka pembeni, huku mkanda unaorudi chini yake ukiwaka pakavu. Ongeza vifuniko vya bati vya kuzuia vumbi, ongeza jukwaa la kupitia mafundi, ongeza mzigo wenyewe uliojaa juu ya mkanda, na utaona kwamba springla iliyo mita nane juu inalinda karibu kila kitu isipokuwa kile kinachoungua. Pua ziwe ndani ya fremu, pembeni, zikitazama katikati ya mikanda miwili. Ziwe na vifuniko vyepesi vinavyong'oka maji yakija, maana vumbi la saruji au la makaa likichanganyika na unyevu huwa jiwe, na pua iliyozibwa haionekani kwa macho kutoka sakafuni. Mahali pa hatari kubwa, kama kichwa cha kuendeshea au fremu ya mikunjo, ni bora pua zote ziwe wazi daima, zikifungwa na vali moja inayofunguliwa na vihisi, ili eneo zima lilowe kwa mara moja. Kungoja kila kichupa kipasuke kwa zamu yake ni kuupa moto muda.

Konveya inayopanda ina shida yake ya pekee. Banda refu lililofunikwa, lenye mteremko, likiwaka chini hufanya kazi ya dohani: joto hukimbilia juu, na springla zinazofunguka kwanza ni za juu, mbali na moto, zikiyanyonya maji ambayo yangehitajika chini. Kwamba mteremko una nguvu kiasi hiki, dunia ililipa gharama kubwa kulijua. Tarehe 18 Novemba 1987, jioni saa moja na nusu hivi, moto ulianza chini ya ngazi za umeme zenye vidato vya mbao katika kituo cha King's Cross, London. Ngazi za umeme ni konveya ya kubeba watu, na ile ilikuwa na kila kinachotakiwa: mbao, grisi ya miaka mingi iliyochanganyika na nywele, karatasi na vumbi, na upenyo pembeni ambamo kijiti cha kiberiti kingeweza kuangukia. Kwa dakika 15 hivi ulionekana moto mdogo. Kisha ukalipuka ghafla kwenye ukumbi wa tiketi na kuua watu 31, mmoja wao ofisa wa zimamoto. Majaribio ya baadaye, kwa kompyuta na kwa mfano uliojengwa kwa theluthi ya ukubwa halisi, yalionyesha kwamba ndimi za moto zililala ndani ya mfereji wa ngazi wenye mwinamo wa digrii 30, zikapasha vidato vya mbele kabla hazijavifikia, kisha zikaruka zote kwa pamoja.

Chini ya ngazi zile palikuwa na mfumo wa kunyunyizia ukungu wa maji. Ulifunguliwa kwa mkono. Usiku ule hakuna aliyeufungua, na uchunguzi ulioongozwa na Desmond Fennell ulikuta kwamba wafanyakazi hawakuwa wamefundishwa ipasavyo kuutumia. Ripoti yake ya mwaka 1988 ilikuwa na mapendekezo 157, likiwamo la kuweka springla zinazojiendesha chini ya ngazi. Ilibainisha pia kwamba moto wa namna ile ulikuwa umezoeleka katika reli ya chini ya ardhi ya London, hata ukapewa jina la kuupunguza, ukaitwa kufuka tu. Nikiwaza vali ya Aracoma iliyofungwa na vali ya King's Cross ambayo hakuna aliyeifikia, naona ni jambo lilelile limetokea kwa njia mbili, na linanitia uchungu, kwa sababu katika visa vyote viwili bomba lilishalazwa na fedha zilishalipwa.

Afrika Mashariki hatuna migodi mingi ya makaa ya chini ya ardhi, na labda msomaji anasema haya ni ya wenzetu. Lakini tuna sukari. Kilombero, Kagera, TPC kule Moshi, Kakira kule Uganda, ng'ambo ya Ziwa Victoria: kiwanda cha miwa ni konveya tangu miwa inapoingia hadi makapi yanapokwenda kuchomwa kwenye boila. Makapi makavu yanawaka upesi sana, na mkanda unaoyapeleka kwenye tanuru unaelekea moto kila dakika ya kazi. Tuna viwanda vya saruji vinavyochoma makaa ya mawe ya Ruvuma. Tuna Bandari ya Mombasa, ambako nafaka inayoshushwa kwa wingi husafiri kwa mikanda hadi kwenye silo. Vumbi la nafaka, la sukari na la makaa yote yana tabia moja: likiwa limetulia huungua, likipeperuka huripuka.

Tarehe 7 Februari 2008 kiwanda cha Imperial Sugar huko Port Wentworth, Georgia, kiliripuka. Moto ulianzia kwenye konveya ya sukari iliyopita chini ya masilo. Mwaka uliotangulia konveya hiyo ilikuwa imefunikwa kwa mabati ili sukari isichafuliwe, nia njema kabisa, ila hakikuwekwa chochote cha kuondoa vumbi ndani ya kile kifuniko. Vumbi likajaa hewani humo hadi kufikia kiwango cha kuripuka, na wachunguzi wa serikali waliona kwamba huenda beringi iliyochemka ndiyo iliyoliwasha. Mlipuko wa kwanza ulitikisa jengo, ukaangusha vumbi lililokuwa limerundikana kwenye boriti na sakafu kwa miaka, nalo likaripuka kwa mfululizo. Watu 14 walikufa. Springla zilikuwapo. Milipuko ilivunja mabomba yake, na maji hayakufika.

Hilo linanifanya niseme jambo ambalo wauzaji wa mifumo ya kuzimia moto hawapendi kusikia. Fagio linatangulia springla. Mahali penye vumbi linaloripuka, hesabu ya maji haina maana kabla ya kujibu vumbi linaondokaje, kila siku, na nani anapanda kule juu ambako halionekani. Tena maji yenyewe yaje kama manyunyu. Mkondo wa nguvu unaopiga rundo la vumbi unalirusha hewani, na kazi ya kuzima inakuwa kazi ya kuripua. Zimamoto wa eneo wakijulishwa mapema hulielewa hili vizuri. Wakiitwa kwa mara ya kwanza siku ya moto watakuja na mpira mkubwa na kufanya walichozoea.

Kuna pia mlango. Jengo lenye ukuta wa kuzuia moto hutobolewa ili konveya ipite, na kila tundu la konveya ni tundu la moto. Shata inayoshuka haiwezi kufunga ikiwa mkanda na mzigo vimo katikati yake. Suluhisho linalofanya kazi ni kuukata mkanda kwa makusudi kwenye ukuta, uwe mikanda miwili yenye pengo fupi, na mfumo uhakikishe pengo halina mzigo kabla shata haijashuka. Pale isipowezekana, pua za maji ziwekwe pande zote mbili za tundu. Jambo hili liamuliwe wakati konveya ingali kwenye karatasi. Baada ya mkanda kufungwa hakuna meneja atakayekubali ukatwe, na kwa upande wa uzalishaji atakuwa na hoja.

Siku ya kukabidhiwa mfumo, usikubali jaribio la kufungua bomba moja karibu na pampu na kupiga picha. Washa mkanda ukiwa na mzigo. Weka chanzo cha joto mbele ya kihisi, kisha pima kwa saa: sekunde ngapi hadi amri ya kusimama, sekunde ngapi hadi mkanda usimame kweli, mita ngapi umekwenda katikati yake. Hizo mita ndizo zinazokwambia pua zianzie wapi na ziishie wapi. Fungua maji kwenye pua ya mbali zaidi na ya juu zaidi, usome kipimo cha presha hapohapo. Leta gari la zimamoto la wilaya na uunganishe mpira wao kwenye bomba lako, kwa hesi zao. Kila vali kwenye njia ya maji iwe na swichi inayopeleka ishara kwenye chumba cha uongozi pindi inapofungwa, kwa kuwa vali hufungwa na fundi mwema anayetengeneza kitu kingine, naye huenda nyumbani.

Halafu rudia jaribio usiku, na zamu ya usiku peke yake, bila mhandisi kusimama pembeni. Hapo utajua jambo ambalo mchoro hauonyeshi: kama kijana anayelinda konveya saa tisa usiku anaruhusiwa kuisimamisha bila kumpigia mtu simu. Kusimamisha mkanda mkuu wa kiwanda ni hasara ya fedha kila dakika, na yeye anaijua. Ameona mwenzake akihojiwa asubuhi kwa sababu alivuta kamba ya dharura na ikaonekana hapakuwa na kitu. Ruhusa hiyo iandikwe kwa jina la cheo chake, isainiwe na meneja mkuu, ibandikwe kwenye nguzo iliyo karibu na kamba. Na atakayevuta kwa dhana isiyo kweli alipwe zamu yake kamili, mkanda ukaguliwe, kazi iendelee.